Kawa Linamjua Mama Yake

Juma lililopita niliwaacha jikoni kule Luzira, mwiko mkononi, masikio yamesimama. Ngoma za upande wa bwana harusi zilikuwa zimefika getini, na maneno yaliyokuwa yakiimbwa yalikuwa maneno yangu.

Kwa aliyekosa: mimi ni Ayesha, Mnubi wa Namuwongo. Shule niliiacha darasa la tano. Kazi yangu ni kusuka makawa, vile vifuniko vya chakula vyenye ncha juu, na shangazi yangu Rukiah huyapeleka kuuza soko la Kikuubo. Ndivyo Jamilah alivyonipata. Yeye ni binti wa Hajji Abdul-Karim, mwenye maghala, na alikuja kwetu kwa gari kubwa, kwa siri, kwa sababu alikuwa anaolewa na hakujua kusuka. Kwetu sisi, bibi harusi hupakulia wakwe chakula chini ya makawa aliyoyasuka kwa mkono wake.

Jamilah alikulia Nairobi, akasomea Ulaya. Nilimfundisha, sindano ikamchoma, akailaani kwa Kiingereza. Mwishowe nilimsukia mimi, na hapo ndipo urafiki ulipoanza. Siku moja alinikuta nasoma gazeti lililofungiwa chapati. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia. Akavua viatu akakaa sakafuni nami, na tangu siku ile akawa ananiletea vitabu, nami namweleza palipoandikwa uongo.

Hakuna mwingine aliyejua kwamba nina kichwa, isipokuwa shangazi Rukiah, naye alikuwa na sababu zake. Shangazi ndiye mwimbaji wa doluka, ngoma ya wanawake wetu. Nyimbo zote anazosifiwa nazo nimezitunga mimi, kwa kuwa mbele za watu koo langu hukauka. Alikuwa ameniomba maneno ya harusi ya Arua. "Bibi harusi wa huko, humjui, hakujui," aliniambia. Nikampa ubeti juu ya bibi harusi asiyejua kusuka.

Niliutoa wapi ubeti ule? Mnajua nilikoutoa.

Haya. Jikoni.

Anena, mpishi wa nyumba ile, aliteremsha sufuria ya pilau. "Ngoma tamu leo," akasema. "Na wewe, mbona unatetemeka kama kuku wa mvua?"

"Nasikia baridi."

"Baridi? Mbele ya jiko? Wewe mtoto una malaria."

Nikaweka mwiko, nikaenda kusimama nyuma ya pazia la sebuleni.

Wanawake wa upande wa Sadik, bwana harusi, walikuwa wamejaa ukumbini, wamevaa gomesi na matobe ya kila rangi, na mbele yao shangazi Rukiah, kichwa nyuma, mkono kiunoni. Bibi yake Sadik, mzee wanayemwita Habuba, alikuwa amekalishwa kwenye kiti kikubwa. Jamilah alikuwa mkekani, makawa yamepangwa mbele yake. Walikuwa wanaimba kwa Kinubi. Nawaandikia kwa Kiswahili:

*Kawa limefika, kawa zuri la rangi saba,*
*Tuonyesheni kidole kilichochomwa na sindano.*
*Kidole cha bibi harusi ni laini kama siagi;*
*Kawa linamjua mama yake, na mama yake si huyu.*

Msidhani ni matusi. Hiyo ndiyo desturi. Upande wa mume humtania bibi harusi: kawa lako limepinda, chumvi imezidi, mama yako mchoyo wa nyama. Upande wa mke hucheka, kisha hujibu. Hakuna anayeuliza kama ni kweli au si kweli. Sheria ni moja tu: anayekasirika au kulia, amekubali.

Kinubi cha Jamilah ni cha kuombea maji tu. Kwa hiyo alicheka vizuri alivyofundishwa, meno nje, huku binamu yake akimnong'oneza tafsiri mstari baada ya mstari.

Mstari wa kwanza, akacheka. Wa pili, akacheka. Wa tatu, kicheko kikabaki mdomoni lakini macho yakaondoka. Wa nne ulipomfikia, alikiangalia kidole chake. Sijui kwa nini alikiangalia. Kama asingekiangalia, pengine tungepona.

Machozi yakadondoka juu ya kawa.

Ngoma zilinyamaza zenyewe. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Loo! Kumbe kweli."

Habuba hakupandisha sauti. "Basi. Mtoto ametujibu kwa macho."

"Mama, ni mavumbi," akadakia Hajati, mama yake Jamilah. "Macho ya huyu ni mabovu tangu Nairobi."

"Mavumbi, kwenye nyumba ya vigae?" Habuba akainuka, akaegemea fimbo. "Sikieni. Kutosuka si kosa la kuvunja ndoa. Hata mama yangu alisuka vibaya. Lakini wimbo haujibiwi kwa machozi. Tunarudi siku ya hina. Tukikuta jibu, tunakula. Tusipokuta, basi hii nyumba haina ulimi, na mjukuu wangu haoi nyumba isiyo na ulimi."

Wakatoka bila kufunua hata kawa moja. Pilau la Anena likapoa palepale. Shangazi alipopita karibu na pazia aliniona miguu. Akaimba kidogo puani, akaenda zake.

*

Hajati aliingia jikoni kama moto wa majani.

"Nani alijua? Jamilah anasema watu watatu. Yeye, na wewe, na wewe."

Alinitazama mara moja tu, akaniruka.

"Rukiah ni shangazi yake, lakini huyu namtoa. Huyu hata salamu inamshinda. Darasa la tano! Mjinga kama huyu atamwambia nani, atatunga nini? Anena, geuka nikuone."

Nilifurahi. Neno hilo, mjinga, limenichoma maisha yangu yote, na siku ile nilijifunika nalo kama blanketi.

Anena alikuwa ameshika upawa. Ni Mwacholi, mtoto wa polisi, Kiswahili chake ni cha kambini, hakina adabu wala woga.

"Hajati, mimi na Kinubi wapi na wapi? Mimi najua Kinubi ya kununua sambusa tu."

"Umekulia kambini. Kambini Wanubi wamejaa."

"Wamejaa, ndiyo. Hata Wateso wamejaa. Mbona husemi nimetunga Kiteso?"

Binamu yake Jamilah, mlangoni, alicheka kabla ya kujizuia. Hapo Hajati ndipo alipowaka.

"Umenidharau nyumbani kwangu! Rukiah amekupa nini?"

"Rukiah mimi namuona leo. Nilikuwa hapa na huyu tangu asubuhi, na jana, na juzi." Akanigeukia. "Ayesha, si tuko wote? Wewe sema basi. Wewe wanakusikia, ni Mnubi wao. Sema Anena hajasema kitu."

Wote wakanitazama. Hajati, binamu, yule mama aliyekuja kusaidia kuosha vyombo. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwapo, nililiona kabisa, limekaa kwenye ulimi. Lilikuwa neno moja tu: mimi.

"Sijui," nikasema.

Nilitoa sauti safi, ya kusikika hadi sebuleni. Sijawahi kusema neno kwa uwazi ule katika nyumba ile.

Anena hakulia. Aliweka upawa, akafuta mikono kwenye kanga yake, akanitazama kama mtu anayetazama mboga iliyooza ambayo jana ilikuwa nzuri.

"Kale, haya," akasema. "Asante, rafiki."

Alitoka na mfuko wake mmoja. Getini askari alikuwa Obwona, ndugu yake, yule ambaye kila siku humtania kwamba anapika kama adui. Siku hiyo alifungua geti tu.

Jamilah hakuona lolote, alikuwa amejifungia chumbani. Aliposhuka aliniegemezea kichwa begani mbele ya mama yake. Hajati hakupenda kuona tajiri ameegemea maskini, akageuza uso.

"Afadhali uko wewe," Jamilah akaniambia.

*

Nilimkuta shangazi Rukiah uani kwake anakula mihogo.

"Mtunzi wangu!" akaniita. "Njoo ule. Uliwaona? Uliona yule mzee alivyosimama? Miaka mingi wimbo wangu haujapiga kofi la namna ile."

"Ulisema Arua."

"Nilisema Arua."

"Shangazi, ulisema ni harusi ya Arua!"

"Ningesema ya Luzira, ungenipa?" Akatema nyuzi za muhogo. "Usingenipa. Ungeniletea maneno ya maji, bibi harusi mrembo, bibi harusi mwezi. Mimi nilitaka ya damu. Nilijua unakaa naye. Nikasema, ngoja nichote kisimani bila kukitikisa."

"Ameumia. Na Anena amefukuzwa."

"Anena ndiye nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anatafuna, na akaacha kutafuna kidogo, namhesabia hilo. Kisha akasema jambo ambalo sijalimeza mpaka leo.

"Ya binti, hebu niangalie. Usiangalie chini, niangalie mimi. Katika Uganda hii kuna mabibi harusi wangapi wasiojua kusuka, ambao wewe umewasukia? Mmoja. Nikakuomba maneno, ukanipa huyo mmoja. Hukujiuliza? Ulijiuliza. Ulijua yatamfikia, kama si leo, kesho. Lakini ubeti ulikuwa mtamu, ukashindwa kuumeza."

Niliinama kuokota maganda ya muhogo.

"Mimi ni mwizi," akasema, "lakini mlango ulikuwa wazi."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu njia nzima ya kurudi nyumbani. Kila nilipopata pa kumchukia, nilijikuta nimekaa papo hapo mimi mwenyewe.

*

Asubuhi yake Jamilah alituma gari. Getini Obwona alinizuia kidogo.

"Anena anakusalimia," akasema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anasema mdomo wako ni mzuri sana kwa kula posho." Akafungua geti. "Pita, madamu."

Hajawahi kuniita madamu. Nilipita nikiwa nimeinama.

Jamilah alikuwa kitandani, nywele timtim, macho yamevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilikwenda kukaa chini.

"Kaa hapa kitandani."

"Hapa panatosha, dada."

"Ayesha, kaa kitandani."

Nikakaa kwenye ukingo.

"Nimemlazimisha binamu anitafsirie tena na tena," akasema. "'Kawa linamjua mama yake.' Unasikia? Nimesoma vyuo viwili, hakuna mwalimu wangu hata mmoja anayeweza kusema hivyo. Aliyetunga ule wimbo ana kichwa. Namchukia, Ayesha, na bado najikuta nauimba nikioga."

Niwaambie ukweli, maana bila ukweli hadithi hii haina faida. Uso wangu ulipata joto, na halikuwa joto la haya. Rafiki yangu ameketi macho yamevimba kwa sababu yangu, na mimi nimefurahi kusifiwa.

"Sasa wewe mzidi," akasema.

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mama anataka kumlipa mwimbaji kutoka Bombo. Nimekataa. Wewe ndiye utakayetunga, na mimi ndiye nitakayeimba, kwa Kinubi, mwenyewe. Wamesema nyumba haina ulimi? Watauona."

"Dada Jamilah, kuna jambo—"

"Usiniite dada kama unataka kukataa."

"Sikatai. Ila kuna jambo lazima—"

"Ngoja kwanza nimalize, ukikatiza nitaogopa." Akanishika mkono, ule wenye makovu ya sindano. "Nikimaliza kuimba nitakuinua mbele yao wote. Nitasema: kawa nilisukiwa na huyu, jibu nimepewa na huyu. Mimi sijui kusuka, lakini najua kuchagua rafiki. Nimechoka kujificha, bwana. Najificha kwamba sijui kitu, na wewe unajificha kwamba unajua. Hujachoka wewe?"

Nilikuwa nimechoka. Wallahi nilikuwa nimechoka. Jambo nililolitamani tangu siku nilipotolewa shule lilikuwa linaletwa kwangu kwenye sinia, na aliyelibeba ni yule niliyemvua nguo mbele ya wakwe zake.

Basi ningesema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, mkono wangu uko mkononi mwake. Kama kuna mahali pa kusema duniani ni pale.

"Na lile jambo?" akauliza. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema... Kinubi kina matamshi magumu."

"Utanifundisha!" Akacheka, mara ya kwanza tangu balaa lile. "Sindano ilinishinda, ulimi hautanishinda."

*

Nilitunga. Na kwa aibu yangu, maneno hayakunipa taabu. Yalikuja kama kuku walioona mtama. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kuwacheka wageni:

*Mliliona kawa, wageni, mkasahau chakula;*
*Njaa gani hiyo ya kula ncha na kuacha nyama?*
*Jicho la kukagua mshono halina siku ya kushiba,*
*Litakagua hata kope za mtoto atakayezaliwa.*

Wa pili ulikuwa wa Jamilah mwenyewe, kwa yale aliyoniambia kitandani:

*Kweli sikusuka, sindano ilinikataa;*
*Lakini aliyesuka amekula nami sahani moja.*
*Ninyi mliosuka kwa vidole vyenu wenyewe,*
*Nani kati yenu amewahi kusukiwa na rafiki?*

Hapo wimbo ungetosha. Kila mtu angeniambia unatosha. Lakini Anena alikuwa hana kazi, na mimi nilikuwa na kinywa kisichofunguka, nikaona njia. Nikaongeza wa tatu:

*Wimbo wenu na wimbo wetu zimetoka tumbo moja;*
*Aliyefukuzwa jikoni hana kosa.*
*Haya imemfunga kinywa aliyeiuza siri;*
*Anashika sindano nyumba hii, ni msichana mmoja.*

Mmeelewa nilichofanya? Jamilah angeimba ungamo langu bila kujua anaimba nini. Wote wangejua. Hajati angejua, Anena angerudishwa, na mimi nisingekuwa nimesema neno. Usiku ule nililiita toba. Niliswali nikalala vizuri.

Siku zilizofuata tulijifungia chumbani kwake. Hakutaka hata mama yake asikie, alitaka awashangaze wote. Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Mstari nikimpa mara mbili, wa tatu anaurudisha wote, na mkono kiunoni.

"Huu wa mwisho unasemaje?" akaniuliza tulipofika ubeti wa tatu. "Huo hujanitafsiria."

"Ni shukrani."

"Kwa nani?"

"Kwa wageni. Na kwa wapishi."

"Nasikia neno sindano humo."

"Ndiyo. Tunaishukuru na sindano."

Alicheka hadi akaanguka juu ya mito. "Wewe! Hata sindano unaishukuru. Mimi ningeitupa ziwani."

Nilicheka naye. Nilicheka kabisa, sauti ikatoka, mpaka Hajati akagonga mlango kuuliza kuna nini.

*

Siku ya hina ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Habari ilikuwa imetembea. Walikuja hata wasioalikwa, kuona kama nyumba ya Hajji ina ulimi. Habuba alikaa kwenye kiti kilekile. Shangazi Rukiah alikaa karibu na ngoma, ametulia kama mtu anayesubiri kutangazwa mshindi. Mimi nilikuwa pembeni na bakuli la hina, mahali pangu.

"Haya," akasema Habuba. "Jibu liko wapi? Mmemleta nani?"

"Hatujamleta mtu," akasema Jamilah.

Akasimama. Hina haijakauka miguuni. Alipofungua mdomo na Kinubi kikatoka, hata wapiga ngoma walikosa pigo.

Ubeti wa kwanza haukufika mwisho kabla ukumbi haujapasuka. Kwenye kope za mtoto, Habuba alishika ubavu. "Niueni! Niueni basi!" alipiga kelele huku anacheka, na vigelegele vya upande wetu vikapanda hadi darini. Hajati alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwenye ubeti wa pili walinyamaza. Aliimba polepole, akiwatazama mmoja mmoja. *Nani kati yenu amewahi kusukiwa na rafiki?* Mwanamke mmoja wa upande wa Sadik akainua ncha ya tobe lake akajifuta macho.

"Analia!" binamu yake Jamilah akapiga kelele. "Yule pale analia! Wamekubali!"

Habuba akagonga fimbo sakafuni. "Naam," akasema. "Naam! Leteni chakula."

Tulikuwa tumeshinda. Jamilah ameshinda, kwa ukweli wake na kwa mdomo wake, wala hapakuhitajika neno lingine.

Shangazi Rukiah hakuwa anamwangalia Jamilah. Alikuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameutambua mkono wangu tangu mstari wa kwanza, kama mtu anavyotambua chumvi ya jikoni kwake.

Jamilah akavuta pumzi kwa ubeti wa tatu.

Hapo ndipo nilipoona. Sijui akili yangu ilikuwa imelala wapi siku zote zile. Ukumbi mzima ungeelewa, isipokuwa yeye. Bibi harusi amesimama kifua mbele, anaimba kwa furaha jinsi alivyosalitiwa, na hajui. Wangemcheka kicheko kingine. Habuba angesema huyu ni kasuku, hana ulimi, ameazimwa. Nami nilikuwa nimeyapanga yote hayo kwa mkono wangu, ili mimi nisitoke jasho.

Nilimtikisia kichwa. Acha. Alinikonyeza, akadhani ni haya zangu za kila siku.

Angalieni basi nilivyokuwa nimejifunga. Akiimba, ataaibika. Asipoimba, Anena atabaki amefukuzwa kwa kosa langu, na mimi nitainuliwa mbele ya watu nisifiwe.

Ngoma ikageuka kumpisha.

Niliweka bakuli chini. Miguu ilisimama kabla yangu. Nikaimba mimi.

*Wimbo wenu na wimbo wetu zimetoka tumbo moja...*

Sauti ilitoka nyembamba, yenye kutu, na ikatoka. Vichwa viligeuka. "Huyu nani?" nikasikia. "Si yule wa makawa?" Shangazi alinyanyuka nusu, akakaa tena.

*Aliyefukuzwa jikoni hana kosa...*

Hajati akashusha mikono kutoka mdomoni.

Na Jamilah, masikini Jamilah, uso wake ulifunguka kama dirisha. Alidhani nimepata ujasiri. Alidhani ndiyo ile siku tuliyoahidiana, kwamba tumechoka kujificha. Akaja akipita kati ya wageni, akanishika mkono, akauinua juu kama alivyosema atauinua, na akaanza kuimba pamoja nami, kwa nguvu, kila neno mahali pake, kama nilivyomfundisha.

*Haya imemfunga kinywa aliyeiuza siri...*

Alikuwa anapiga mguu chini kwa mdundo. Alikuwa anawacheka wote usoni.

*Anashika sindano nyumba hii...*

Tukafika mwisho wa mstari. Yeye aliimba, "Ni msichana mmoja."

Mimi niliimba, "Ni Ayesha."

Ngoma moja ilikatika, kisha ya pili. Binamu yake alikuwa ameficha uso kwenye kanga. Hakuna aliyecheka. Jamilah alitazama huku na huku, akitafuta vigelegele, tabasamu bado liko mdomoni, mkono wangu bado ameushika juu.

"Ayesha," akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, "tumeimba nini?"